Paka wa Marehemu na Mbwa wa Nesi

Benchi la Wembe kinyozi lilikuwa ubao mmoja mrefu uliopauka kwa jua, ukiegemea ukuta wa kibanda chake pale kona, mguu mmoja umevunjika ukawekewa tofali. Asubuhi, kabla watu hawajakumbuka kwamba wana nywele, waliokaa hapo walikuwa wale wale. Breki, aliyeendesha lori mpaka macho yake yakakataa barabara, alikaa upande wa tofali. Alisema gari bovu amelizoea. Antena, fundi redio ambaye siku hizi anaishi kwa kufungua simu za watu, alikaa katikati ili habari ya upande wowote isimpite. Wembe mwenyewe hakuwa na desturi ya kukaa. Alisimama mlangoni, taulo begani, akidakia maneno kama mwenye mji. Shangazi muuza kahawa alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko la mkaa, kahawa imekolea birikani, vikombe vikioga kwenye ndoo. Aliyekuwa akisubiriwa ni Bomba, fundi wa mabomba ya maji. Siku hiyo alifika na mkwaruzo mbichi uliotoka kiganjani ukapanda mpaka karibu na kiwiko, akatua begi lake la spana chini kwa kishindo, akaketi. Hakusalimu.

Breki aliutazama ule mkono, akapuliza kahawa yake.

— Huyo ni mke au ni paka?

— Paka.

— Afadhali. Paka hana ndugu wa kuja kudai maelezo.

— Yupi? — Shangazi aliuliza, akimjazia kikombe bila kuambiwa. — Malkia au yule mdogo?

— Malkia. Soksi hana neno, Soksi anakimbia tu. Malkia ndiye kaamua vita.

Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa Malkia ni nani. Mke wa Bomba alipofariki, aliacha paka wawili: Malkia, mzee wa rangi ya majivu, mwenye sikio lililochanika, na Soksi, mwenye miguu myeupe. Miaka yote ya ujane Bomba aliishi na hao wawili. Aliwapikia dagaa kabla ya kujipikia mwenyewe, na wakati mwingine mtu akipita dirishani angemsikia akiwasimulia habari za sinki lililoziba. Kisha mwaka huu, wakati watu wameshakata tamaa naye, akaoa. Alimwoa nesi mstaafu aliyemwita kutengeneza bomba la jikoni, likatengenezeka, halafu likaharibika tena mara nyingi kuliko kawaida ya bomba. Mtaa mzima ulilicheka lile bomba. Nesi alihamia na masanduku mawili na maneno machache. Baadaye kidogo akaletewa mtoto wa mbwa. Yule mbwa wake wa zamani, aliyekuwa mlinzi na mwenzake katika miaka yake ya upweke, alikufa akaacha mtoto mmoja, na jirani ndiye aliyemlea mpaka akaweza kula mwenyewe. Kabla ya kumleta, Nesi aliomba ruhusa. Bomba alijibu, "Nyumba ni yako, mama, unaniuliza nini?" Akajiona muungwana.

— Leo asubuhi — Bomba alisema — Kishindo kaponyoka jikoni...

— Kishindo nani? — Wembe aliuliza.

— Huyo mbwa. Ni mdogo kama kandambili, lakini ndilo jina alilopewa. Kaponyoka, kaja mbio sebuleni, kaingia chini ya kiti cha Malkia. Pengine alitaka kucheza tu. Malkia kashuka kama tofali, kampiga kucha puani, mbwa analia, paka anafoka, mimi nikaingia katikati kuamua. Ndio mnaniona hivi.

— Kosa lako ni kuingia katikati — alisema Breki. — Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Wewe ulikuwa nyasi.

— Kwa hiyo ningefanyaje?

— Ungewaweka mahali pasipo na nyasi. Nikwambie, bwana. Nilishawahi kupakia mbuzi wa mtu mmoja na mbwa wa mtu mwingine, nyuma ya lori, turubai limefungwa. Walipoanza safari hawakutaka hata kutazamana. Nikaingia barabara ya mashimo, shimo juu ya shimo. Tulipofika, nafungua turubai, mbuzi kamlalia mbwa shingoni. Woga, ndugu yangu! Woga unaunganisha kuliko harusi. Watie wote kwenye toroli moja, uwakokote kwenye mawe.

— Malkia kwenye toroli? — Bomba alicheka bila kupenda. — Utanizika.

Antena alikuwa amekwisha kutikisa kichwa muda mrefu, akingoja nafasi.

— Breki hajui mambo ya masafa — alisema. — Tatizo la paka na mbwa ni mawimbi. Paka anatumia mawimbi mafupi, mbwa marefu. Mbwa akitikisa mkia maana yake furaha. Paka akitikisa mkia maana yake kaa mbali. Sasa huyu mtoto anaona mkia wa Malkia unatikisika, anasema, ah, nimekaribishwa! Anakwenda. Anapigwa. Hajakosea, kapokea stesheni isiyo yake.

— Hilo lina akili — alikiri Shangazi.

— Ngoja, sijamaliza. Mrekodi Malkia akikoroma kwa raha. Mchezeshee mbwa akiwa amelala, usiku kucha, mpaka aijue lugha. Halafu simu nyingine unamfunga mbwa shingoni, akitembea inatoa sauti ya paka. Malkia anafunga macho, anasikia paka mwenzake anapita. Na usitumie spika ndogo. Debe tupu haliachi kuvuma: iweke ndani ya debe.

— Afungwe debe shingoni? — Wembe aliuliza.

— Dogo.

— Nyinyi mnahangaika na masikio — Wembe alisema, akishusha taulo begani kama mtu anayeanza kazi — wakati mnyama anaishi puani. Harufu! Na harufu inakaa wapi? Kwenye nywele. Hii ni kazi yangu, nisikilizeni. Waleteni wote watatu hapa. Nawanyoa, nawapaka poda moja. Wakitoka hapo hakuna paka, hakuna mbwa, kuna vipara watatu. Nani atamjua nani?

— Malkia utamshikaje umnyoe?

— Naanza na mbwa, yeye akitazama. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Paka akiona mwenziwe ananyolewa, atajilowesha mwenyewe.

Benchi lilitikisika kwa kicheko hadi Breki akashika tofali lisitoke. Bomba naye alicheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya vya wenzake, na Shangazi alikiona kilipoishia.

— Nesi mwenyewe anasemaje? — aliuliza. — Maana mbwa ni wake, na akili anayo.

Bomba alikizungusha kikombe.

— Alisema toka mwanzo. Alisema mtoto akae jikoni kwanza, mlango ufungwe. Kitambaa alicholalia mbwa tukiweke karibu na sahani ya paka, na cha paka tumpelekee mbwa. Wale chakula chao wakiwa wametenganishwa na mlango, wazoee kwamba harufu ya mwenzao huja pamoja na shibe. Wakitulia, tunauacha mlango wazi kidogo, mbwa ameshikwa. Na paka wawe na pa kupandia juu, pasipofikika. Polepole.

— Sasa?

— Sasa mimi ule mlango ulinichosha. Kila nikitaka maji, fungua, funga, vuta mguu mbwa asipite. Nikasema, ah, wanyama hawa, watazoeana tu. Nikauacha wazi.

— Haraka haraka — alianza Breki.

— Usimalizie — Bomba alisema.

— Basi nitasema nyingine. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfunge huyo mtoto! Mfunge jikoni kwenye mguu wa meza mpaka ajue nyumba ina wenyewe.

Shangazi aliweka birika chini.

— Breki, kuku mgeni anafungwa kamba kwa sababu bado moyo wake uko alikotoka. Akiachwa atarudi. Unadhani kamba ile inamfundisha adabu? Ile ni kumwomba abaki.

— Mimi nimeisikia hivyo hivyo ninavyoisema.

— Mengi umeyasikia ukiwa ndani ya lori, injini inanguruma.

Bomba aliacha kunywa. Alikuwa anaona kamba, na mguu, lakini mguu wenyewe haukuwa wa mbwa, ulikuwa wa Nesi.

Antena, ambaye hapendi kimya kikae muda mrefu bila matangazo, akasogea karibu.

— Mimi nitasema jambo, Bomba, usinichukie. Huyo Malkia hagombani na mbwa. Anagombana na ndoa. Kwani kile kiti anacholalia ni cha nani? Si cha marehemu? Na kitenge cha marehemu bado kipo pale juu yake, nimekiona kwa macho yangu nilipokuja kutengeneza redio. Paka yule ameachiwa ulinzi. Yeye ni kama karani aliyebaki ofisini baada ya bosi kuondoka. Mtu mgeni akiingia, lazima aulize: wewe umetumwa na nani?

— Antena — Wembe alisema taratibu.

— Nasema tu.

— Punguza sauti ya redio yako.

Barabarani mtu alipita akisukuma baiskeli yenye magunia, akasalimia, akajibiwa na Shangazi peke yake. Bomba alikuwa akiutazama ule mkwaruzo, akiugusa kwa kidole kuanzia juu kwenda chini kama anayetafuta mahali bomba linapovuja.

— Kuna jingine sijawaambia — alisema hatimaye. — Nilipowaamua, nilifoka. Nilimfokea mbwa. Nikasema, toka kwenye kiti cha watu!

Hakuna aliyecheka.

— Nesi kaja, kamwokota. Kamfuta damu puani kwa pamba, unajua mikono yake ilivyo, hata hasira haionekani. Halafu akasema, "Nitampeleka kwa dada. Nami nitakaa naye huko siku chache, mpaka atulie." Hakuniangalia. Nikabeba begi nikaja huku.

— Siku chache za kwa dada — Breki alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. — Bomba, nikwambie kitu na usinicheke. Mke wangu wa kwanza alikwenda kwa dada yake siku chache. Mimi nilikuwa safarini. Nikasema nikirudi nitampitia. Nikarudi, nikapakia mzigo mwingine. Sasa hivi ni bibi mwenye wajukuu, kule kule kwa dada, na siku zake chache hazijaisha.

— Kwa hiyo tufanyeje? — Wembe aliuliza.

Na kwa kuwa swali lilikuwa zito, wote wakalikimbilia kwa mbio. Breki alisema Malkia ndiye apelekwe kwa huyo dada, mbwa abaki, maana paka akiondoka, panya hutawala, na panya hana ugomvi na mbwa. Wembe alisema hapana, paka wa nyumba haingwi, yaani hafukuzwi, wahenga waliliona hilo mapema. Nyumba ndiyo igawanywe kwa chaki, sakafu ya mbwa, juu ya kabati ya paka, na Bomba apewe korido. Antena alisema liitishwe baraza hapa hapa benchini: Malkia aletwe kwenye kikapu, Kishindo aletwe kwenye boksi, yeye atamsemea paka, Breki amsemee mbwa, Wembe awe hakimu kwa kuwa ana taulo. Wakaanza kubishana iwapo Soksi ni shahidi au mshtakiwa. Bomba aliwaacha. Walikuwa wanampenda, alijua, na hawakuwa na njia nyingine ya kusema hivyo.

Katikati ya ubishi ule, mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando ya jiko. Hakuna aliyemjua. Alikuwa na pochi kwapani na kiatu kimoja kimelowa.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba — walijibu kwa mkupuo.

— Nimehamia nyumba ile ya geti la kijani. Nimeambiwa fundi wa mabomba nitampata hapa. Sinki langu linamwaga maji chini.

— Fundi ni huyu — Shangazi alimwonyesha. — Lakini yuko kwenye kesi. Kaa kwanza, mama, unywe kahawa. Kesi inakaribia kuisha.

Mgeni alikubali, akapewa nusu ya nafasi ya Antena. Antena, akifurahi kupata msikilizaji mpya, alimweleza habari yote kuanzia mwanzo, akipanga nyumba ya Bomba hewani kwa mikono. Hapa kiti cha marehemu, Malkia ndiye anakilalia. Hapa kochi: Soksi kachukua nusu, nusu nyingine ni mabomba na koki za fundi, maana stoo imejaa. Hapa kiti cha fundi mwenyewe, anakaa akitazama mlango. Jikoni, boksi la mbwa. Ndiyo hali halisi, mama. Sasa wewe kama mwanamke unasemaje, aondoke paka au mbwa?

Mgeni alikunywa kidogo. Alikuwa anaifuata ile mikono ya Antena kama mtu anayetafuta kitu kilichosahauliwa kutajwa.

— Samahani — alisema. — Mimi ni mgeni, pengine sijaelewa. Na huyo mama, mke wa fundi, yeye huwa anakaa wapi?

Antena aliinua mikono aonyeshe. Mikono ikabaki juu. Ikazunguka kidogo upande wa kochi, ikarudi, ikaenda kwenye dirisha, kisha akaiteremsha magotini. Breki alimtazama Wembe. Wembe alimtazama Bomba.

Bomba alijaribu kumwona mkewe. Alifunga macho kabisa, akaingia nyumbani kwake kwa fikra, asubuhi, chai iko mezani. Alimwona akimimina. Alimwona akipita na sahani. Alimsikia sauti, akiuliza kama chumvi imekaa sawa, na sauti ilitoka jikoni. Jioni, yeye Bomba amenyoosha miguu, anasikiliza taarifa ya habari, anazungumza na Nesi, Nesi anajibu. Anajibu kutoka wapi? Amesimama mlangoni. Anafuta mikono. Ameegemea fremu ya mlango. Alitafuta siku hata moja ambayo alimwona mke wake, katika nyumba ile, mgongo wake umeegemea kitu laini. Hakuipata.

— Mama — alimwambia mgeni, akisimama — chini ya sinki lako kuna koki ndogo. Izungushe kwenda kulia mpaka igome. Maji yatakata. Nitakuja mchana, na sitakudai kitu.

— Sasa unakwenda wapi? — aliuliza Breki. — Hatujaamua!

Lakini alikuwa ameshavuka barabara, na begi lake la spana alikuwa ameliacha chini ya benchi.

Alimkuta Nesi uani, nyuma ya jikoni, amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Kishindo alikuwa amelala mapajani mwake, pua imevimba. Kando ya ndoo kulikuwa na sanduku moja, halijafungwa.

Bomba alisimama mbele yake akihema.

— Umesahau kitu? — Nesi aliuliza.

— Tangu umekuja hapa — alisema — unakaa wapi?

Nesi alimtazama. Alikuwa amehudumia wagonjwa wengi, na alijua mtu anapouliza kwa adabu na anapouliza kwa sababu kweli hajui.

— Hapa — alisema, akiipiga ndoo kidogo. — Au kitandani, pembeni. Mchana nikichoka.

— Kwa nini hukuniambia?

— Niliambiwa nyumba ni yangu. Sasa mtu mwenye nyumba ataombaje kiti?

Bomba alisema kwamba atakiondoa kile kiti leo leo, na kitenge atakikunja, Malkia atajua pa kwenda. Alikwisha geuka. Nesi akamshika suruali kwa nyuma, kama mtu anavyomshika mtoto anayekimbilia barabara.

— Kile usikiguse. Yule paka alipendwa na mtu, na mtu huyo hayupo. Hajanikosea kitu. Mimi sitaki kiti cha marehemu, baba. Nataka changu.

Ilichukua muda mwingi wa asubuhi ile kutoa mabomba kwenye kochi. Yalikuwa mengi kuliko alivyodhani: mapya, ya zamani, vipande vya viungo ambavyo alivihifadhi kwa kazi ambayo haikuja. Aliyapanga uani chini ya paa. Soksi aliondoka kochini kwa hiari yake, akaenda kulala palipo na jua. Nesi alisema kochi likae dirishani, aweze kuona watu wanaopita, na Bomba alilisukuma huko peke yake akikataa kusaidiwa, mpaka goti likamwambia ukweli na akakubali. Kisha alipigilia rafu fupi ukutani, juu kabisa, ya paka kupandia. Mlango wa jikoni aliufunga mwenyewe. Alipotaka maji, alifungua akafunga, alifungua akafunga.

Wakati wa chakula, Nesi aliweka sahani mbili, moja upande huu wa mlango na moja upande ule. Kishindo alikula kama anayefukuzwa. Malkia alikaa juu ya kiti chake bila kujishughulisha. Baada ya muda mrefu alishuka, akanusa ule mlango kuanzia kona hadi kona, akafoka mara moja kwa heshima yake mwenyewe, halafu akala kidogo, mgongo akiwa ameupa wanadamu wote wawili. Haukuwa urafiki. Nesi alisema huenda usije kabisa, na kwamba wapo wanaoishi nyumba moja maisha yote kwa kupishana tu, na si vibaya.

Alileta chai. Bomba alimwona akiiweka mezani, akageuka kama anayerudi jikoni kwa mazoea, akasita, akaenda dirishani na kikombe chake, akakaa. Aliegemea nyuma. Aliachia pumzi ndefu, kama mtu aliyefika baada ya safari.

Bomba aligeuza kiti chake, ambacho siku zote kilitazama mlango, akakielekeza dirishani. Na kwa mara ya kwanza tangu waoane walizungumza wote wawili wakiwa wamekaa.